Uji wa Bi Waridi

Makole nzima hakuna nyumba iliyokuwa na dawa nyingi kama ya Bi Waridi, na mwenyewe wala hakuwa daktari. Alikuwa na kopo la biskuti, na humo alitia kila kidonge kilichobaki mtu akishapona: vya marehemu mumewe, vya mwanawe Swedi, hata vya jirani aliyehama. Kwake yeye kutupa dawa na kutupa chakula ilikuwa dhambi moja. Ukikohoa mtaani, hujamaliza kukohoa, mtu ameshakwambia pita kwa Bi Waridi.

Basi Lulu, mke wa Swedi, alipoanza kusikia maumivu akienda haja ndogo, jambo aliloona haya kumwambia hata mumewe, alimnong'oneza mama mkwe. Bi Waridi akafungua kopo, akamkunjia vidonge vyeupe kwenye karatasi: viwili asubuhi, viwili jioni. Lulu alikuwa binti wa Chemba, bado mgeni mgeni mjini, na mama huyu alimpokea kama mtoto wa kumzaa. Alivimeza bila kuuliza ni dawa gani. Vilikuwa vichungu ajabu, ukichelewesha maji uchungu unakaa ulimini mpaka jioni.

Havijaisha, homa ikampanda. Macho yakawa mekundu, midomo ikapasuka, kifuani yakatoka madoa meusi, kisha malengelenge. Mtaa nao haukukosa la kusema: surua, mkanda wa jeshi, jicho la mtu. Swedi hakuwasikiliza, akampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Walipomhamishia kitandani, shuka liliondoka na ngozi ya mgongo wake.

Daktari akamuuliza ametumia dawa gani. Bi Waridi alikuwa amesimama palepale, na Lulu akajibu kwamba hajatumia kitu. Jamani, angesemaje? Mama mkwe humsemi mbele ya watu, tena kwa jambo alilolifanya kwa huruma. Bi Waridi akatoka kutafuta maji ya moto, kwa hiyo hakuyasikia yaliyofuata. Daktari alisema hizi ni dalili za mwili uliokataa dawa, na kama ipo dawa aliyoinywa na ikaingia tena, macho hayatapona, na huenda hata yeye wasiondoke naye hai. Lulu akajiambia vidonge si ameshaviacha, kuna haja gani ya kumwaibisha mtu.

Siku zikasogea, malengelenge yakaanza kukauka. Nesi Ruthu alimsafisha macho kwa subira ya mama mzazi, na kila asubuhi Bi Waridi alifika na chupa ya uji wa uwele wenye karanga. Lulu aliungojea ule uji. Ndicho kitu pekee kilichopita kwenye midomo ile bila kumtoa machozi.

Asubuhi moja akanywa funda la kwanza, akasita. Chini ya sukari, chini ya karanga, kulikuwa na uchungu. Uchungu ule ule.

Hakuumeza. Aliurudisha kikombeni taratibu, huku Bi Waridi akimtazama kwa mapenzi na kumhimiza anywe apate moto tumboni. Tangu aolewe hajawahi kukataa chakula cha mkono ule. Kwao Chemba walimfunza hivyo, na hapa mjini ndivyo alivyopendwa. Akakitazama kikombe kwa jicho lisiloona vizuri, akaogopa kufa, na bado akaona aibu.

"Mama, huu sinywi," akasema.

Wagonjwa wakageuka, na wanaowauguza nao wakageuka. Bi Waridi uso ulimshuka, maana alielewa walichokielewa wote.

"Unadhani nimekutilia sumu?" akauliza, na kabla hajajibiwa akakinyakua kikombe, akapiga mafunda matatu mbele ya macho ya watu, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Si sumu, mama. Ni vile vidonge. Ndivyo vilivyonichuna."

Nesi Ruthu aliyasikia hayo, akaacha alichokuwa akifanya, akaja. Bi Waridi akatazama kikombe, kisha mikono ya mkwewe. Alikuwa amevisaga nyumbani kwa kinu cha iliki. Kila zahanati aliyowahi kukanyaga walimwambia dozi lazima imalizwe, na mtoto wa watu alikuwa ameiachia njiani.

"Nilitaka umalize dozi," akasema polepole. Akafungua fundo la kanga, akamkabidhi nesi vidonge vilivyobaki, akaketi chini sakafuni akalia bila kujificha. Nesi alivitambua, vya salfa, akaenda kumwita daktari.

Lulu alipona. Jicho la kushoto limebaki kavu, anatiwa matone, na shingoni ana madoa meupe ambayo hayafichi tena. Kopo la biskuti sasa linatunza vifungo. Bi Waridi bado anampikia uji, na kila asubuhi, kabla hajamkabidhi kikombe, anaonja yeye kwanza, anacheka, anasema anatoa sumu. Lulu naye hucheka. Anampenda mama yule, hilo halina ubishi. Lakini hanyooshi mkono mpaka amwone amemeza.