Mluzi Ulipokoma

Fundi wa matairi aliingia chumba cha dharura mbio na binti yake mikononi. Pumu ilikuwa imembana mtoto, kifua kinapiga mluzi kama tairi lililochomwa msumari. Muuguzi akamvika barakoa ya mvuke wa dawa, akamwambia baba ampakate wima.

Baba akatega sikio. Wateja wake humtania kwamba husikia pancha kabla ya dereva, na kwake upepo ukiacha kulia, ujue tundu limezibika.

Mluzi ukafifia, kisha ukakoma. Mtoto akamlegelea begani.

"Ashukuriwe Mungu! Umeona, dada? Ametulia mama yangu. Mwache alale kidogo."

Muuguzi akamsikiliza mtoto kifuani, kushoto, kulia, uso ukamsawijika.

"Hajatulia, baba! Kifua hakilii kwa sababu hewa haipiti kabisa. Daktari, njoo upesi!"

Wakamchukua mtoto, wakamzingira, baba asione ila migongo yao. Fundi aliyejaza upepo magari ya mji mzima akabaki ukutani, mikono yenye grisi ikining'inia. Akatega sikio tena, safari hii akiomba mluzi urudi.