Kwa Niaba ya Pasi

Dada mmoja, fundi cherehani, alibaki na mdogo wake wa kiume baada ya mama yao kufariki. Mdogo huyo alizaliwa na akili ya taratibu, lakini kwa miaka kumi na moja alipiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, hata wenzake wakambandika jina la Pasi. Mwenyewe alilipenda kuliko la kuzaliwa.

Kisha akaja meneja mpya. Hakulaumu hata shuka moja. Alisema tu mtu wa namna ile ni hatari karibu na moto, akamwachisha kazi. Pasi alirudi nyumbani saa nne asubuhi, aproni begani, akidhani ni sikukuu.

Dada akafunga kibanda chake, akaenda kwa wakili. Hakutaka fidia, alitaka mdogo wake arudishwe. Wakili akamweleza kwamba ili ashtaki kwa niaba yake, lazima ale kiapo kuwa ndugu yake hawezi kujieleza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akatia sahihi.

Siku ya kesi, wakili wa hoteli aliisoma hati ile kwa sauti. Aliposoma "hawezi kujieleza", Pasi alimgeukia dada yake, akamtazama kama mtu aliyesengenywa na wa tumbo moja. Njiani alitembea upande wa pili wa barabara. Jioni alikula akiwa amempa mgongo. Asubuhi dada akamwomba radhi, akasema yale ni maneno ya sheria tu.

"Basi niache niseme mimi," Pasi akajibu.

Kesi ilipoendelea, wakili wao akaomba Pasi asikilizwe. Wakili wa hoteli alipinga. Hakimu, mama wa makamo, akasema kusikiliza hakumgharimu mtu kitu.

Pasi akaanzia kwenye kola. Akaeleza kwamba hupigwa upande wa ndani kwanza, kisha mikono. Akapotea kwenye mikono, akarudi kwenye kola. Karani akaweka kalamu chini, akamngoja. Dada aliuma midomo, maana kila neno lililokwama alilijua.

Hakimu akauliza kama kuna mtu aliyewahi kuungua.

"Mimi. Mara moja. Kidole hiki." Akakiinua wakione. Kisha akaongeza, "Dada amesema siwezi. Ananipenda. Ila naweza, polepole tu."

Dada akainamisha uso kwenye mtandio wake.

Wiki tatu baadaye hakimu aliamuru Pasi arudishwe kazini. Dada alilia mpaka wakili wao akampa leso. Pasi akaichukua ile leso, akaigeuza huku na huku, akamwambia wakili kwa upole kwamba aliyeinyoosha alikuwa na haraka. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaahidi kumrudishia Jumatatu jioni, akitoka kazini.