Mupepo wa Daktari Hubert

Daktari Hubert alirudi Kalemie mwaka wa 1992 na sanduku la majarida ya Ulaya, na tangu siku hiyo wagonjwa wakawa kwake mifano ya kufundishia. Philomène, muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka kumi na minane, alimchoka wiki ya kwanza.

Asubuhi ile Bertille, aliyejifungua siku nne nyuma, alikuwa anahema mbiombio, mikono ya moto, presha imeshuka hadi sita kwa tatu. Uchafu wa uzazi ulikuwa umeingia damuni, na tangu jana hakuwa amekojoa. Dawa ya kuua vijidudu alikwisha kuchomwa. Sasa alihitaji serumu, yale maji ya kutundikwa, nyingi na upesi. Daktari yeye alihitaji wasikilizaji.

"Mishipa yenyewe inatengeneza gesi," akamwambia Mama Odile, mama mkwe wa mgonjwa. "Ile gesi inailegeza, inapanuka, damu inakosa nguvu."

"Gesi njo nini, Docteur?"

Daktari akatafuta neno, akaokota baya kuliko yote, lile ambalo huku ni la upepo na la pepo mchafu pia. "Mupepo. Mupepo iko mu mishipa yake."

"Njo ile nilisema," akajibu Mama Odile, ambaye tangu usiku alinong'ona habari za pepo, akakaza kitenge chake.

Daktari akaona ameeleweka, akaenda kunywa chai. Philomène aliporudi kutoka stoo na chupa za serumu, kitanda kilikuwa kitupu. Familia ilikuwa imembeba Bertille hadi chumba cha maombi nyuma ya stesheni ya gari-moshi, maana pepo haliondolewi kwa sindano.

"Hawa watu ni wajinga," daktari akasema mlangoni, kikombe mkononi.

"Ndiyo, Docteur," akasema Philomène, akimtazama yeye. Akachukua chupa zote, akaondoka.

Bertille alikuwa amelazwa mkekani, midomo imekauka, wanawake wamemzunguka. Philomène angeweza kuwaeleza habari za gesi. Maelezo yalikuwa yamefanya kazi ya kutosha kwa siku moja.

"Mama Odile, Docteur alisema kweli. Ni mupepo. Lakini hakuwaambia kitu yenye inaogopa."

"Inaogopa nini?"

"Maji ya chumvi. Ndani ya mushipa. Ninyi muombe, mie nitie."

Mama Odile akafikiri kidogo, kisha yeye mwenyewe akaitundika chupa kwenye msumari wa dirisha. Ya kwanza ikaisha, ya pili, ya tatu. Mishipa iliyopanuka ikaanza kujaa. Ilipotundikwa ya nne, wakambeba Bertille kumrudisha hospitali, wakiimba njia nzima.

Daktari aliwangoja kizingitini, amekwisha kusimuliwa. "Umewaambia serumu inafukuza pepo? Ushirikina, Philomène. Nitakuandikia barua."

Philomène akampita, akaitundika chupa kando ya kitanda. Saa nane Bertille akafungua macho, akasema kwa sauti ndogo kwamba anataka kukojoa. Philomène akamwekea beseni, akangoja, akasikia mkojo unatoka, wa kwanza tangu jana, akafuta machozi kwa mkono wa koti. Kisha akalipeleka beseni ofisini, akaliweka mikononi mwa daktari, juu ya ile barua aliyokuwa akiiandika.

"Mupepo yako njo hii, Docteur," akasema. "Uende uimwage."