Bamba la Buluu

Mimi, Ndinda, nimenunua vitambaa soko la Zhongda, huku Uchina, miaka saba na sijauziwa mbuzi kwenye gunia hata siku moja. Nafumba macho, napapasa, najua pamba ni ipi na ulaghai ni upi. Kwa hiyo shule moja ya wasichana kule Limuru iliponiagiza paneli za jua za kupashia maji ya kuoga, nilisema mkono huu utatosha. Limuru mwezi wa Julai si mchezo. Watoto wale huoga wakilia.

Mwenda nilimchukua wa kutafsiri tu. Anasomea kemia hapa Guangzhou kwa ufadhili, na ana ugonjwa wa wasomi wa kujibu kabla hajaulizwa.

Laoban, yaani mwenye duka, mama mmoja wa mtaa wa Sanyuanli, alianika mabamba mawili ya paneli juani: moja la rangi nyeusi ya kawaida, jingine lenye utando mwembamba wa buluu. Baada ya nusu saa akayaegemeza ukutani, kivulini. Nikayanyooshea kiganja bila kuyagusa. Jeusi lilinipiga joto mpaka usoni. La buluu, kimya.

"Nachukua nyeusi," nikasema. "Hii ingine imekufa."

"Anti, pole pole," Mwenda akasema. "Hiyo joto unaskia ndiyo inapotea. Nyeusi inameza jua, halafu inatapika nje. Buluu inameza, inafunga mdomo. Joto yote inabakia kwa maji."

"Ati baridi ndiyo moto? Huko chuo mnafundishwa nini? Wewe tafsiri! Mwambie nyeusi, paneli arobaini."

Mwenda akanyamaza. Hilo liliniudhi zaidi, maana msomi akinyamaza ujue ana hakika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani aliwahi kunionya kuhusu la mdogo? Ili kumkomesha, nikabandika kiganja kizima kwenye bamba la buluu.

Nilipiga yowe la Kikamba. Laoban akaja mbio na beseni la maji.

Mkono ukiwa ndani ya beseni, niliagiza arobaini za buluu. "Na umwambie," nikamwagiza Mwenda, "nilikuwa nampima tu, nione kama ni mwaminifu."

Mwenda, kijana mwenye adabu, akageuka akatafsiri. Maneno yangu yalikuwa machache. Yake yalichukua muda, yakahitaji na mikono, na laoban alicheka mpaka akakaa chini.