Mluzi Ndani ya Shimo la Digory

Kaka yangu Digory alikufa kwa kifua, kama wanavyokufa wachimbaji wote wasioangukiwa na mwamba, akamwachia mkewe nyundo na tindo la kuchongea mwamba, suruali zenye viraka, na shimo. Shimo lilikuwa na madini ya fedha ndani. Ndivyo alivyotuambia kila jioni miaka yote tuliyokaa kambi ya Maji Machungu, na mwanamume akishasema jambo kila jioni mpaka akafa nalo, huna budi kumwamini angalau nusu.

Mkewe aliitwa Tamsin. Mimi ni Loveday, wifi yake, na kazi yetu ilikuwa kufua. Nguo ya mchimbaji haitakati, inabadilisha tu rangi ya uchafu. Tulichota maji mbali, tukachemsha, tukasugua, tukakamua, halafu upepo wa huku Nevada, Amerika, ukazirudishia vumbi zikiwa bado kambani. Siku moja nilimkuta Tamsin amelala wima, mikono imo ndani ya beseni. Nikamwacha. Maji yalikuwa bado ya moto, na sehemu nyingine ya joto ya kulala sikuwa nayo ya kumpa.

Sasa kambi yetu ilikuwa na sheria, na waliipitisha wanaume wenyewe wakiwa wamelizunguka pipa la bia. Shimo likikaa mwezi mzima bila mtu, basi siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, jua likichomoza, atakayetangulia kuingia na nyundo akagonga mwamba ndiye mwenyewe. Digory alilala kitandani majuma yake ya mwisho, kisha tukamlaza kaburini, na shimo likakaa bila mtu. Mwezi ulikuwa unaishia Jumapili.

Aliyekuwa akilihesabia siku ni Kapteni Hosken, msimamizi wa mgodi mkubwa wa jirani. Alikuwa mtu wa kwetu, wa Cornwall kule Uingereza, tena wa kanisa letu, anayeimba kwa sauti kubwa kuliko mchungaji. Alikuja mazishini, akavua kofia, akatupa pole, akauliza shimo lina kina gani.

"Si ulale tu kando yake ukapime," nilimwambia. Tamsin akanifinya.

Kwa nini hatukuingia shimoni sisi wenyewe mwezi ule wote? Mtu asiye wa kwetu angeuliza hivyo. Kwetu mwanamke hashuki chini. Akishuka, mwamba unachukia. Hata njiani: mchimbaji anayekwenda kazini alfajiri akikutana na mwanamke, anageuza, anarudi kulala, na hakuna mwenzake atakayemcheka. Ndiyo maana wanawake wa kwetu hujifungia ndani mpaka zamu iingie. Na kupiga mluzi chini ni balaa zaidi, maana kuna watu wadogo huko wanaogongagonga mawe kumwonya mchimbaji mwamba ukitaka kushuka. Hawapendi mluzi. Wakiusikia hununa, wakawaacha mpondwe. Cheka ukipenda. Nilimfahamu mtu aliyepiga mluzi kule nyumbani, na walimpandisha kwa ndoo, katika safari zaidi ya moja.

Kwa hiyo tulihitaji mwanamume, na wanaume wote walikuwa wa Hosken. Aliyethubutu ni mmoja, Zakky Trembath, rafiki wa Digory tangu utoto. Jumapili baada ya ibada alitujia nyuma ya kanisa, anazungusha kofia mikononi kama usukani.

"Shemeji," akamwambia Tamsin, "kesho kabla ya jua nitaingia kwa jina lako. Nikishagonga, shimo ni lako. Hosken na anifukuze akitaka."

"Atakufukuza kweli, Zakky."

"Basi nitafua nguo pamoja nanyi."

"Wewe?" nikasema. "Zako mwenyewe tu zinasimama bila mtu ndani."

Akacheka. Tamsin naye akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu Digory aanze kutema damu. Usiku ule tulilala.

Alfajiri nilikwenda kisimani kwa njia ya nyuma, wasikopita wachimbaji. Niliporudi, jiko linawaka, nyumba inanukia mkate wa kukunja, ule wa nyama na viazi tunaowatilia wanaume mfukoni, na Tamsin hayupo. Nikadhani yuko chooni. Kisha nikamwona anakuja kutoka upande wa mlima, polepole, mkate umo bado kwenye kitambaa, unafuka moshi.

"Nimemwona Zakky," akasema.

"Umemwona wapi?"

"Njiani."

Nikatua ndoo. "Njiani wapi, Tamsin?"

"Nilimpelekea chakula. Yule hana mke, nikajua hajala kitu." Akautazama mkate kama ni wa mtu mwingine. "Alisimama pale kwenye kona. Akasema, ee shemeji, umefanya nini. Akageuka, akarudi kwake. Nimesikia akifunga mlango."

Sikujua nicheke au nilie. "Baba yako mchimbaji. Babu yako mchimbaji. Mumeo mchimbaji. Umeishi maisha yako yote ukijificha alfajiri kama kuku mgonjwa, na asubuhi ya leo, hii ya leo, ndiyo unatoka kwenda kutembea njiani na mkate!"

"Nimechoka, wifi. Sikufikiri. Niliona mkate umeiva, nikaona mtu ana njaa."

Mbingu upande wa mashariki ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Kapteni Hosken na watu wake walikuwa wanakunywa chai yao ya mwisho, buti miguuni. Tamsin alikaa kwenye kizingiti, akavua viatu vyake, akavaa vya Digory. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa na suruali ya marehemu, ameikaza kiunoni kwa kamba ya nguo, nyundo na tindo mkononi.

"Hapana," nikasema.

"Sheria inasema nani?"

"Inasema mtu mwenye nyundo. Lakini utakufa huko, Tamsin. Unajua utakufa."

"Kufua ndiko kunakoniua. Tofauti ni mwendo tu." Akautia mkate kifuani. "Unakuja kunishikia ngazi au unabaki kuomba?"

Nikaja. Nilikuwa naomba njiani, lakini nilikuja.

Mdomo wa shimo ulikuwa juu kidogo ya nyumba yetu, na juu yake mtambo wa kamba wa kuzungusha kwa mkono. Tamsin akaubandika mshumaa kwenye kofia kwa tope, kama alivyomwona Digory akifanya, akaanza kushuka ngazi. Nilimwona mpaka kofia, kisha nikauona mwanga, kisha sikuona kitu. Nilitega sikio kusikia mwamba unachukia. Nilisikia nyundo. Ko. Kimya. Ko. Wakati huohuo jua likachungulia.

"Loveday!" sauti ikatoka chini.

"Naam!"

"Kumbe ni padogo hivi."

"Padogo vipi?"

"Hata kusimama huwezi. Hapa ukutani pameng'aa, mahali alipokuwa akiegemea kiwiko. Alikuwa akirudi namgombeza kwa matope, wifi. Kila jioni."

"Gonga, mwenzangu. Utalia baadaye."

Akagonga. Na mimi hapo juu nikajifuta macho kwa aproni, maana watu walikuwa wanakuja.

Kapteni Hosken mbele, wachimbaji wanne nyuma, nyundo mabegani. Waliponiona wale wanne walisimama kama punda walioona nyoka. Mwanamke kwenye mdomo wa shimo, tena asubuhi! Hosken hakusimama.

"Sogea, Bibi Loveday. Jua limetoka na shimo halina mtu."

"Lina mtu."

"Nani? Trembath amerudi kulala, nimeambiwa." Akatabasamu. "Kuna aliyempelekea kifungua kinywa."

Kumbe kambi nzima ilishajua. Kambini kwetu habari zilikuwa na miguu myepesi kuliko farasi.

"Yumo Tamsin," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mkubwa wao, Jory Uren, mwenye ndevu za kufagilia, akavua kofia taratibu. "Humo? Chini?"

"Chini kabisa. Amevaa suruali ya marehemu."

Ko, ikasema nyundo. Jory akarudi nyuma hatua moja, na wengine wakarudi naye.

"Mtoeni," akasema Hosken.

"Mtoe wewe, Kapteni. Mimi nina watoto."

"Nyinyi ni watu wazima au ni nini? Hayo ni mambo ya bibi zetu. Tumeyaacha ng'ambo ya bahari pamoja na bibi wenyewe." Akanisukuma kando kwa bega, kwa adabu ya kanisani, akageuka, akaweka mguu kwenye ngazi. Mguu mmoja. Nikaona kabla hajauweka wa pili alitia mkono mfukoni akatoa kipande cha ganda la mkate akakidondosha shimoni, haraka haraka, kama mtu anayetupa ushahidi. Ni cha wale watu wadogo. Kila mchimbaji wa kwetu huwaachia ganda.

Basi nikajua ugonjwa wake. Nikainama. "Tamsin! Kapteni anashuka kukuamkia! Hebu mpigie mluzi!"

Nikadhani hatathubutu, na nusu yangu ilitaka asithubutu. Kisha ukaja mluzi kutoka chini, mbovu, wa midomo mikavu: ule wimbo wa kanisani tuliomzikia Digory. Ndani ya shimo sauti yake ilikuwa kama ya watu wengi.

Jory Uren na wenzake walishuka mlima. Sisemi walikimbia. Walitembea kama watu wenye haraka sana ya kufika mahali. Na mguu wa Kapteni Hosken ukatoka kwenye ngazi. Alisema buti linambana.

"Amegonga mwamba, Kapteni!" Jory akapaza sauti kutoka mbali, ambako alijiona salama. "Wote tumesikia! Sheria ni sheria!"

Hosken akakung'uta kofia ambayo haikuwa na vumbi. "Haya," akaniambia. "Shimo ni lake, nitakuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini niambie, bibi, nani atalishuka sasa? Mwanamke ameingia, na mluzi umepigwa. Hata umlipe mtu wa kwetu utakacho, hataingia humo mpaka kiama. Sikuwakataza mimi. Mmejifungia mlango wenyewe."

Akashuka mlima. Alikuwa anasema kweli.

Zakky alikuja adhuhuri. Alisimama mbali, kofia inazunguka. Tamsin alikuwa amepanda kupumzika, amekaa kwenye jiwe, viganja wazi kwenye magoti, malengelenge yamepasuka.

"Shemeji, nilikuwa nakuja kweli."

"Najua, Zakky."

"Na kesho ningekuja. Lakini sasa..." Akatazama shimo, akatazama miguu yake. "Sasa siwezi. Ningejitahidi, miguu ingekataa."

"Najua. Umekula?"

Hakuwa amekula. Tamsin akatoa ule mkate kifuani, umebondeka, akaumegea nusu. Zakky akaja kuuchukua mkono umenyooshwa, kama mtu anayelisha mbwa asiyemjua, akala amesimama, machozi yanaingia kwenye nyama.

"Tindo nitakunoleeni," akasema alipomaliza. "Hata kila siku. Mradi mniletee huku chini ya mlima, nisisogee pale."

Akaondoka. Tamsin akatia mkono mfukoni, akanifungulia kiganja. Palikuwa na jiwe, lenye mstari wa kijivu katikati.

"Ndiyo fedha yenyewe?" nikauliza.

"Huenda. Au macho yangu." Akaliweka chini. "Ipo au haipo, lazima mtu awe humo kila mwezi, la sivyo Hosken anarudi. Na mtu ni mimi na wewe, wifi. Nguo nazo hazijifui."

"Nimeona hilo tangu asubuhi."

"Leo nimeshuka mimi."

"Na hilo nimeliona."

Akaanza kunifundisha palepale, bila kuinua kichwa, sauti imekwisha. "Ukigonga, lizungushe tindo kidogo. Ukigonga tena, zungusha tena. Usipozungusha linakwama."

"Umejuaje?"

"Limenikwamia asubuhi nzima."

Jioni nilianua nguo peke yangu, maana hakuweza kukunja vidole. Za Kapteni Hosken zilikuwa katikati ya kamba, fulana na nguo zake za ndani. Nilizirudisha kwenye beseni la wanga, nikazitia wanga wote tuliokuwa nao, nikazianika tena, na upepo wetu ukazikausha mpaka zikawa kama mbao. Nikazikunja kwa taabu. Halafu nikaenda kulala, kwa sababu alfajiri ilikuwa zamu yangu.