Paja la Mgeni

Wazungu waliokuja mwaka ule wa tisini na sita walitaka kuona watu wasiotumia stima. Ningeweza kuwaonyesha wengi tu. Kutoka Mayoni hadi ndani kabisa ya Matungu, nyumba kwa nyumba, watu waliwasha koroboi, na hakuna aliyewahi kufunga safari na kamera kwenda kuwatazama. Lakini hao stima hawakuikataa, haikuwafikia tu, na umaskini wa namna hiyo haumvutii mtalii. Watu wa dhehebu la Mlango Mmoja ndio walioikataa kwa hiari yao, wakaikataa na redio, na baiskeli, na vifungo vya shati. Kwa hiyo Landrova ilielekea kwao.

Mimi nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni mjini Kakamega. Bramwel, kijana aliyekuwa akiwatembeza wageni wetu, alinifuata jikoni.

"Anti Awinja, twende na wewe kesho. Wale wamama wao hawaongeangi na mwanaume wa nje."

Nikakubali, na sikumwambia kwamba nilizaliwa huko. Mmoja wa wale wamama alikuwa mamangu, Selpher, na nilikuwa sijaisikia sauti yake kwa miaka minne.

Nyumba zao zina mlango mmoja, wa nyuma hakuna, na sheria yao kubwa ni fupi: aliyetoka ametoka. Kwenda hospitali ni kutoka. Binti yangu wa kwanza, Mitchel, aliposhikwa na malaria tulimwombea, kisha tukamzika nyuma ya nyumba, na kila mtu akanisifu kwa utulivu wangu. Mdogo wake Clifford aliposhikwa na joto lile lile, sikungoja kusifiwa tena. Nilikuwa mjane, sikuwa na wa kumwomba ruhusa. Nilimfunga mgongoni nikampeleka hospitali ya misheni kule Mukumu. Niliporudi kuchukua nguo zetu, nilikuta lango limefungwa. Nilirudi tena na tena nikiwa peke yangu, na halikufunguliwa.

Sasa walikuwa wameanza kupokea watalii, na sheria yao nyingine inasema mgeni hakataliwi. Basi nikaingia na wageni. Sikwenda kuomba kurudi, ningekufa kwanza. Nilitaka mama ajue kwamba mjukuu wake alipona. Na nilitaka aniite mwanangu, hata mara moja, hata kwa kunigombeza.

Mzee Andati, kiongozi wao, alitupokea langoni. Alinitazama usoni, akanijua, nami nikaona kwamba amenijua.

"Mulembe," akasema. "Karibuni, wageni wote."

Hilo neno wote alilikanyaga kwa kisigino.

Wazungu walikuwa mume na mke, watu wa heshima, sina ubaya nao. Walionyeshwa ng'ombe wa kulima, mikeka, na mizinga ya nyuki. Mama yule Mzungu alishika kifua akasema maneno mengi.

"Anasema kwao kuna watu kama hawa, wanaendesha mikokoteni ya farasi mpaka leo," Bramwel akaniambia. "Anasema hapa kuna amani sana."

"Ipo," nikasema. "Nyingine iko nyuma ya ile nyumba, chini ya mgomba."

Bramwel akacheka akidhani ni mzaha. Hakutafsiri.

Ndipo mama akatoka jikoni na kuku mkononi. Alikuwa amepungua, kile kitambaa cheupe kilimkaa kichwani kama cha mtu mwingine. Aliwasalimu Wazungu, akanisalimu na mimi, mkono ule ule, tabasamu lile lile, kisha akarudi jikoni. Nikamfuata. Obusuma, ugali wa kwetu, ulikuwa motoni na miguu yangu haikuhitaji kuelekezwa. Nikanyoosha mkono kuchukua mwiko.

"Mgeni hashikangi mwiko," akasema, kwa upole. "Enda ukae na wenzako."

"Mama, ni mimi."

"Nimeona. Karibu sana."

Mtu asiyejua kwetu atasema nilipokewa vizuri. Lakini binti wa nyumba hakaribishwi. Binti anaulizwa mbona amekonda, mbona amechelewa, kuni ziko wapi. Anatupiwa mtoto wa mtu ambebe, anatumwa mtoni kabla hajavua viatu. Anayeambiwa karibu sana ni mtu ambaye hamumjui. Nikarudi kukaa na wenzangu, mmoja kutoka Amerika na mwingine kutoka Amerika.

Chakula kilipoiva, mama alikuja kutunawisha. Kwetu mtoto ndiye anayemnawisha mzazi. Alipofika kwangu nikashika mpini wa jagi ili nimpokonye. Akaushikilia. Tukavutana kidogo pale, vidole vyetu vikigusana, maji yakamwagika kwenye sketi yangu, na aliyeshinda ni yeye. Nikanawishwa na mamangu mzazi mbele ya watu. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi.

Kisha kuku. Mzungu mwanaume alipewa firigisi, akaigeuzageuza kwa kidole, akaiweka kando. Watu wa kwetu wamenuniana miaka kwa sababu ya firigisi. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye shingo. Tangu nilipokuwa mdogo, shingo ya kuku ilikuwa yangu. Mama alikuwa akiitia mwenyewe kwenye sahani yangu akisema mtoto anayekula shingo hachoki kubeba kuni. Nikajiambia: sawa, mdomo wake umefungwa na Andati, lakini mkono haujafungwa. Akinipa shingo, itanitosha. Nitaitafuna na mifupa yake.

Mama akakoroga mchuzi. Mwiko ukaigusa shingo, nikaiona kabisa, ukaiacha. Akanitilia paja, nene, la kumpa mkwe.

"Kula, mgeni," akasema.

Sikulila. Kwa mara ya kwanza maishani nilimchukia mamangu, na nilimchukia kwa sababu ya kipande kizuri cha nyama. Niliwachukia na wale Wazungu waliokuwa wakimshukuru kila baada ya tonge.

Wakati wa kuondoka, mama alitusindikiza hadi langoni, maana mgeni husindikizwa. Jembe langu lilikuwa limeegemea ukuta wa ghala, lile la mpini mfupi nililochongewa na baba, na udongo ulikuwa mbichi juu yake. Kuna mtu alikuwa akililimia. Nikabaki nyuma ya wengine, nikamsogelea.

"Mama, wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikuje siku ngapi ndio unipatie lile jembe yangu?"

"Wageni wetu wanaendanga siku hiyo hiyo," akasema.

Andati alikuwa ameshika lango, anatusikiliza. Basi nikasema ili wote wawili wasikie.

"Kuna mtoto mmoja anaitwa Clifford. Alikuwa mgonjwa. Alipona. Ameanza shule, na anapenda shingo ya kuku."

Mama alivuta ncha ya kitambaa chake, akafuta mdomo ambao haukuwa na chochote. Akamtazama Andati, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo lile tabasamu la wageni halikuwepo.

"Nisalimie mama ya huyo mtoto," akasema. "Mwambie amekonda."

"Nitamwambia."

Lango likafungwa. Ndani ya Landrova yule mama Mzungu aliniuliza jambo, na Bramwel akageuka kunitafsiria.

"Anauliza yule mzee wa kike alikuambia nini pale mwisho."

"Alikuwa anatuma salamu kwa mama fulani," nikasema. "Mtu wa hapa. Alihama."