Mistari Miwili Chini ya Tiyo

Maman Martine, jirani yetu pale Nyalukemba, mjini Bukavu, anasimulia hivi. Siku ile tiyo, bomba la mvuke la kiwanda cha sabuni, ilipopasuka mara ya tatu, mvuke ulitoka mweupe kama sanda, na ndani ya mvuke mtu akalia kwa Mashi, lugha ya kwetu. Tonton Élie, soudeur wa kiwanda, yule anayechomelea vyuma, alikimbia mpaka akaacha kiatu kimoja, na kiatu hicho kilikutwa kimeiva kama muhogo. Tena anasema chini ya tiyo hiyo kuna mtu aliyezikwa zamani sana, ndiyo maana inajinyoosha: anatafuta kutoka.

Mimi nilikuwepo, na ufagio mkononi. Tonton Élie hakukimbia. Alichovya gunia kwenye maji, akajifunika kichwa, akaingia ndani ya mvuke na kufunga vana, kile kifungio cha mvuke, kwa mikono miwili. Alipotoka alikaa chini. Viatu alikuwa navyo vyote viwili. Habari ya mtu aliyezikwa siijui. Lakini kwamba tiyo inajinyoosha, hapo Maman Martine hasemi uongo. Mimi ndiye niliyemwambia.

Tonton Élie ni kaka ya mama yangu. Mama alipokufa alinichukua kwake, na nilipomaliza darasa la sita akaniombea kazi ya kufagia kiwandani. Kiwanda kiko kwenye mteremko. Juu kuna chaudière, lile pipa kubwa linalochemsha maji mpaka yawe mvuke. Chini kuna jumba la masufuria ambamo mafuta ya mawese yanapikwa kuwa sabuni. Kati ya juu na chini inapita tiyo moja ya chuma, nene kama paja la mtu, imelala juu ya nguzo fupi za chuma. Ikifika kwenye jumba inapita katika tundu la ukuta, inakata kushoto, inatembea kidogo kando ya ukuta, halafu ndipo inashuka kwenye masufuria. Tundu hilo zamani lilikuwa kubwa. Paka wa kiwanda alikuwa anapita humo, juu ya tiyo, bila kukunja mgongo.

Kwetu, mvua ikianza, mama alikuwa anachukua musumari na kuchora mstari kwenye kila ufa wa nyumba. Kesho yake anaangalia. Mstari ukiwa umeachana, basi udongo unatelemuka, tunaita watu, tunaleta mawe na simenti, tunaushika mulima kabla haujatushika. Nani hapa Bukavu hajafanya hivyo? Kwa hiyo siku moja, nikifagia chini ya nguzo ya mwisho karibu na ukuta, niliona chuma kimesuguliwa kinang'aa, kama kizingiti cha kanisa. Kitu kinapita hapa, nikafikiri. Nikachukua musumari.

Asubuhi, kabla chaudière haijawashwa, nilichora mstari juu ya nguzo, sawasawa na alama nyeupe ya rangi iliyokuwa kwenye tiyo. Saa sita nikarudi. Alama ilikuwa imeondoka. Ilikuwa imesogea kuelekea ukuta, upana wa kiganja changu bila dole gumba. Nikachora mstari wa pili. Kesho yake asubuhi, tiyo ilikuwa imerudi kwenye mstari wa kwanza, imelala, kama haikuwahi kwenda popote. Niliangalia majuma mawili. Kila siku inaenda, inafika pale pale, haipiti. Kila usiku inarudi.

Niliogopa, nikamwambia chef Alphonse, musimamizi wa kazi. Alikuja, akaangalia, akakuna shingo.

"Nabintu, weye uko na macho. Hii ni mulima njo inatelemuka. Usiambie batu."

Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia Maman Martine.

Jumamosi ile walileta mawe na simenti, wakaziba lile tundu la ukuta mpaka tiyo ikashikwa kama jino kwenye ufizi. Mimi mwenyewe nilibeba maji ya kukorogea. Jumatatu nilikwenda kuangalia mistari yangu. Saa sita ikafika, tiyo haikusogea hata unene wa unyasi. Nilifurahi. Nilijiona nimeokoa kiwanda.

Siku tisa baadaye tiyo ilipasuka, si huku kwenye ukuta, ila kule juu, kwenye kiwiko cha kwanza inapotoka kwenye chaudière, pale Tonton Élie alipochomelea. Akachomelea tena. Ikapasuka tena. Akachomelea mara ya tatu, usiku hakulala vizuri, alikuwa anaota mshono ule na kuongea nao. Ikapasuka.

Ndipo patron, mwenye kiwanda, Muzee Nasoro, ambaye baba zake walitoka Uvira na biashara ya mafuta, alipokusanya watu wote uani.

"Élie," alisema, "nimekuheshimu miaka kumi na moja. Lakini mukono yako imekufa. Nitaita enjeniere. Akisema kosa ni ya mushono, utaenda, na sitanyamaza kwa mafundi wengine."

Kila mtu alielewa. Bukavu ni mji mkubwa, lakini kwa soudeur ni kijiji. Neno kama hilo likitoka kinywani mwa Muzee Nasoro, hakuna karakana itakayompa Tonton hata mguu wa kiti. Jioni ile hakula. Aliweka mkono wake wa kuume juu ya meza, akauangalia kama mkono wa mgeni.

Enjeniere, yule mhandisi, alifika kutoka Kavumu, viatu vimejaa matope ya njia. Alikuwa mwanamke, anaitwa Ghislaine, mfupi, na kalamu ndani ya nywele. Chef Alphonse alitaka kumpeleka moja kwa moja kwenye mshono. Alikataa. Alianza chini, akapanda kufuata tiyo nguzo kwa nguzo, mkono juu yake kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Halafu akaomba kamba. Akaivuta kutoka mwanzo wa tiyo hadi mwisho, na hapo sote tukaona: tiyo haikuwa tena imenyooka. Katikati ilikuwa imetoa tumbo pembeni, imeanza kushuka kutoka juu ya nguzo.

"Urefu wake ni ngapi?" aliuliza.

"Metre makumi ine na munane," Tonton akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Asubuhi, ikiwa baridi?"

"Degre makumi mbili."

"Na mvuke?"

"Mia moja na makumi sita."

Akachana kipande cha katoni ya sabuni, akaandika. Haikuchukua muda wa kusema Baba Yetu. "Kila metre moja ya chuma, kwa kila degre, inaongezeka kidogo sana, hauwezi kuona," alisema akiandika. "Lakini hapa ziko metre makumi ine na munane, na degre mia moja na makumi ine. Ikipata moto, hii tiyo inapashwa kurefuka santimetre munane. Mimi niko natafuta hizo munane. Zinaenda wapi?"

Chef Alphonse alicheka. "Maman enjeniere, chuma inarefuka? Kwani ni muhindi, mvua inainyeshea?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alionyesha ukuta. "Na hii simenti?"

"Iko hapa tangu wakati ya ukoloni ya Babeleji," chef Alphonse akasema, bila kupepesa jicho, na wale walioikoroga wakaangalia viatu vyao.

Enjeniere akaangalia katoni yake. "Kama iko hapa tangu zamani, na tiyo haikupasuka miaka yote ile, basi siwezi kusema ni simenti. Itabaki mushono."

Tonton Élie aliinamisha kichwa. Hakujua. Siku ya simenti alikuwa Nyantende, kwenye maziko, na aliporudi ukuta ulikuwa umekwisha kupakwa chokaa. Na mimi sikumwambia, kwa maana chef alisema nisiambie watu, na kwa maana niliona ni jambo la mulima, si la tiyo.

Nilikuwa nimesimama na ufagio. Nikisema, nitakuwa mfagiaji aliyemwita musimamizi wake mwongo, tena ambaye yeye mwenyewe alibeba maji ya ile simenti. Nikaangalia mkono wa Tonton, unaning'inia.

"Si ya Babeleji," nilisema. "Ni ya juzi. Ni miye nilisema tiyo inatembea, njo bakaifunga."

"Nyamaza, weye mutoto wa ufagio!" chef Alphonse akafoka.

"Mwache aseme," Muzee Nasoro akasema.

Nilipiga magoti chini ya nguzo ya mwisho, nikafuta vumbi na kitenge changu, nikaonyesha. "Huu ni asubuhi. Huu ni saa sita. Nilichora kabla ya simenti."

Enjeniere Ghislaine alishuka chini kando yangu, magoti kwenye majivu. Akatoa metre yake ya chuma, akaiweka kati ya mistari yangu miwili. Akaichukua katoni na kuiweka kando ya metre, ili Muzee Nasoro naye aone.

Munane.

Sijui namna ya kueleza kilichonipata. Yule enjeniere alikuwa hajaiona mistari yangu. Mimi sikujua hesabu yake, na hata leo sijui. Yeye alitoka Kavumu na kalamu, mimi nilikuwa na musumari wa mama, na chuma, ambacho hakina kinywa, kilikuwa kimetuambia sote wawili neno moja. Nywele za mikono zilinisimama kama vile padri anapoinua hostia na kengele inalia. Nikafikiri: basi kila siku, tulipokuwa tunapika sabuni na kugombana juu ya chumvi, kitu hiki kizito, ambacho watu kumi hawawezi kukisogeza, kilikuwa kinakua na kupungua polepole juu ya vichwa vyetu, na kuna watu duniani wanaojua kitafika wapi kabla hakijaondoka.

"Mulima, muko naweza kuizuia na mawe," enjeniere alisema, akijipangusa magoti. "Chuma yenye moto, hapana. Ukiifungia mulango ya mbele, inarudi kusukuma nyuma. Huyu papa soudeur alikuwa anachomelea vizuri. Ni tiyo yote njo ilikuwa inamuvunjia."

Chef Alphonse alijifanya anatafuta kitu mfukoni.

Siku tatu walivunja simenti. Tonton Élie aliweka kwenye ukuta kipande kifupi cha tiyo nyingine, nene zaidi, ili ile ya mvuke ipite ndani yake bila kuguswa. Alirudisha tiyo juu ya nguzo zake, akachomelea kiwiko mara ya nne. Jumamosi asubuhi wakawasha chaudière. Kazi yote ilisimama. Hata Maman Martine aliingia mlangoni, kitenge kichwani, anasema amekuja kununua sabuni.

"Yule muzikwa wenu anatoka leo?" alininong'oneza.

"Angalia tu, maman."

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu punje ya kutu ilianguka kutoka kwenye nguzo. Alama nyeupe iliacha mstari wa kwanza. Hukuweza kuiona ikienda, kama usivyoweza kuona kivuli kikienda, lakini ukifumba macho na kufumbua, ilikuwa mbele. Watu walipumua kwa zamu. Ikafika kwenye mstari wa pili, ikakaa.

"Subhanallah," Muzee Nasoro alisema, akainama kuigusa nguzo.

Kule juu kiwiko kilikuwa kikavu. Tonton Élie alishuka polepole, akasimama mbele ya patron, kofia mkononi.

"Patron," alisema, si kwa hasira. "Kazi utanipa ao utaninyima, hiyo iko juu yako. Lakini ulisema kama mukono yangu imekufa, hapa hapa, mbele ya hawa batu bote. Leo bote beko hapa. Ninakuomba useme neno ingine."

Tulingoja. Muzee Nasoro, aliyekuwa bado ameinama juu ya nguzo, akaondoa kidole chake kwenye mstari wa pili, akainuka, akawageukia watu wote.